Uliza Ujibiwe: Maswali Yenu Kuhusu Mji wa Köln

Katika toleo lililopita tulichapa picha moja ndogo ya daraja la chuma na nyuma yake minara miwili myeusi ya kanisa, na chini yake maneno matatu tu: "Köln, Ujerumani, alfajiri." Picha hiyo iliwekwa kujaza nafasi iliyobaki wazi baada ya tangazo moja kuondolewa dakika za mwisho, na hatukutarajia kwamba ingeleta barua nyingi kuliko makala zote tulizozihangaikia mwezi mzima. Kwa kuwa mimi nilipata kuishi katika mji huo miaka miwili nikiwa mwanafunzi, mhariri amenitupia bahasha zote mezani. Nimechagua sita, nyingine zikiwa zinauliza jambo lile lile kwa maneno mengine.

*

Mimi ni mzee wa Kibokoni. Ujanani mwangu, kila jioni marehemu baba alifungulia redio idhaa ya Sauti ya Ujerumani, na mtangazaji alikuwa akisema anatangaza kutoka Cologne. Sasa wajukuu wangu wananiambia idhaa hiyo iko Bonn, na kwamba mji ule wala hauitwi Cologne bali Köln. Je, ni mimi niliyesahau au ni wao wasiojua?

Shikamoo mzee wangu. Hukusahau, na wajukuu hawakukosea. Deutsche Welle, ndiyo hiyo Sauti ya Ujerumani, ilianza kurusha matangazo mwaka 1953 ikiwa na makao yake Köln, na idhaa ya Kiswahili ilianzishwa huko mwaka 1963, kwa hivyo sauti aliyoifungulia baba yako ilitoka kweli kando ya mto Rhine, katika mji ule ule wa picha yetu. Mwaka 2003 shirika lilihamia Bonn, mji ulio jirani, usiofikia kilomita 30 ukipanda mto.

Kuhama kwenyewe kuna kisa chake, nacho kinaanza na maji. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokuwa bado Bonn, ilianza kujenga jumba kubwa kwa ajili ya ofisi za wabunge. Mwezi Desemba 1993, kabla jumba halijakwisha, Rhine ulifurika, maji yakaingia chini ya msingi na kuuinua mjengo mzima kama mtu anyanyuavyo kifuniko cha sufuria. Ujenzi ulisimama, kesi zikafuata, na wakati huo bunge likawa limekwisha kuamua kuhamia Berlin. Jumba lilipomalizika halikuwa na wabunge wa kulikalia, ilhali jumba la redio la Köln lilikuwa limegundulika kuwa limejaa asbesto, madini ya ujenzi yanayodhuru mapafu. Ndivyo watangazaji wetu wa Kiswahili walivyoishia kusoma habari katika vyumba vilivyokusudiwa wanasiasa.

Ama jina, hilo ni la Kirumi. Kabla ya jina hilo kulikuwa na makaazi ya kabila la Ubii, waliohamishiwa na Warumi ukingo wa magharibi wa mto, na katika makaazi hayo alizaliwa, mwaka 15 wa Miladi, msichana aliyeitwa Agrippina, ambaye ndiye mamake Nero na ambaye baadaye aliolewa na mfalme Claudius wa Roma. Mwaka 50 alimshawishi mumewe aupandishe cheo mji aliozaliwa, ukaitwa Colonia Claudia Ara Agrippinensium. Jina hilo refu lilichakaa kwa kutumiwa hadi likabaki neno lake la kwanza peke yake: Wafaransa na Waingereza wakasema Cologne, Wajerumani wakasema Köln, na wenyeji wenyewe, katika lahaja yao, husema Kölle. Naam, ni neno lile lile la "koloni" ambalo sisi tulilijua kwa upande wake mwingine. Wao wamelifanya jina la mji na hakuna anayelionea haya.

*

Nafanya kazi ya uwakala wa forodha Kilindini. Nimesoma mahali kwamba Köln ulikuwa mji tajiri kwa ajili ya bandari, lakini nikitazama ramani naona uko mbali sana na bahari. Bandari gani hiyo isiyo na bahari, na inaendeleaje leo?

Ndugu yangu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu jibu lake ni la watu wa kazi yako hasa.

Rhine huanza katika milima ya Uswisi, husafiri kilomita 1,230 hivi na kuishia Uholanzi. Kutoka Köln hadi baharini ni kama kilomita 300 kwa njia ya maji. Zamani, sehemu ile ya chini, kati ya Köln na bahari, ilikuwa na kina cha kutosha kwa vyombo vikubwa vya tanga. Juu ya Köln mto huingia baina ya milima, maji huenda kasi, miamba hujificha, na huko vyombo vililazimika kuwa vidogo na vyepesi, vikikokotwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Kwa hivyo shehena ilishushwa Köln na kupakiwa upya, mwenye mali apende asipende.

Wenye mji waliiona riziki hiyo iliyoletwa na maumbile, wakaigeuza kuwa sheria. Mwaka 1259 askofu mkuu Konrad von Hochstaden aliuthibitishia mji haki iliyoitwa Stapel: kila mfanyabiashara apitaye, awe anapanda mto au anateremka, ni lazima ashushe mali yake na kuiweka sokoni kwa siku tatu, ili wenyeji wawe wa kwanza kuinunua. Wewe unayejua uchungu wa kontena kulala bandarini siku moja zaidi ya zile za bure utaelewa mara moja maana ya siku tatu hizo. Mwenye divai kutoka kusini hakuweza kumfikia mteja wake wa kaskazini bila kupitia mkono wa mtu wa Köln, na mwenye samaki wa chumvi kutoka kaskazini vivyo hivyo. Samaki walikaguliwa, wakafungwa upya katika mapipa, yakapigwa chapa ya mji, na chapa hiyo ikawa ndiyo dhamana mbele ya mnunuzi. Ikiwa utasema kwamba huo ulikuwa unyang'anyi uliovaa kanzu ya ukaguzi, sitabishana nawe sana. Lakini mapipa yenye chapa yalinunuliwa kwa imani, na imani hiyo nayo ni mali.

Kwa fedha hizo mji ulikua hadi kufikia watu 40,000 hivi, mkubwa kuliko miji yote ya nchi za Kijerumani wa wakati huo, ukiwa na wawakilishi wake hadi London. Matajiri wakifika hapo huwa hawapendi tena kutawaliwa. Mwaka 1288, katika vita vya Worringen, watu wa Köln waliungana na maadui wa askofu mkuu wao, wakamshinda, na tangu hapo maaskofu wakuu wakawa wanaishi Bonn na Brühl, mji wenyewe wakiuingia kwa ibada tu. Stapel ilidumu kwa karne kadhaa na haikufutwa kabisa hadi mwaka 1831, mataifa yanayopakana na Rhine yalipokubaliana kwamba mto uwe huru. Wafanyabiashara wa Köln walilalamika mno. Mabishano yetu wenyewe, ya kama makontena yakaguliwe hapa Mombasa au yapelekwe bara kwa reli, kila nikiyasikia huyakumbuka malalamiko hayo.

Leo Rhine ni njia ya maji yenye shughuli nyingi kuliko zote za Ulaya, ingawa bandari kubwa ya mto iko Duisburg, chini zaidi, na Köln wenyewe wana gati zao za Niehl na Godorf. Matishari hupita usiku na mchana yakiwa na mafuta, kemikali, kokoto na makontena, na mara nyingi nyuma ya chombo utaona gari dogo la nahodha limeegeshwa juu ya sitaha na nguo za familia zimeanikwa.

Kwenye bustani ya ukingoni, upande wa mji wa kale, kuna kitu nilichokuwa nikikipitia kila asubuhi nikaanza kukiona kama jirani. Ni mnara mfupi wenye uso wa saa, lakini ukiutegemea kwa saa utachelewa kazini: mishale yake miwili husoma kimo cha maji, mmoja kwa mita na mwingine kwa desimita. Kwa kawaida hucheza kwenye mita tatu na kitu. Januari 1995 mto ulipanda hadi mita 10.69 na maji yakaingia katika mitaa ya mji wa kale. Ukifika 8.30 vyombo vyote huamrishwa kusimama. Na Oktoba 2018, baada ya kiangazi kirefu, ulishuka hadi mita 0.69. Usidhani kwamba mtu angeweza kuuvuka kwa miguu, maana sifuri ya kipimo hicho haiko chini kabisa ya mto, na njia ya vyombo ilikuwa bado na maji ya karibu mita 1.8, lakini tishari lililozoea kubeba shehena kamili lilibeba sehemu ndogo tu, bei ya usafirishaji ikapaa, na vituo vya mafuta kando ya mto vikaanza kukaukiwa. Sisi ambao bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, tena kwa kalenda, tunapaswa kuishukuru.

*

Nauza udi, haludi na marashi karibu na Marikiti. Wateja wa makamo huniulizia "kolon". Je, yanatoka huko?

Ndiyo, Bi. Z., jina limetoka huko. Mwaka 1709 ilianzishwa Köln nyumba ya biashara ya familia ya Farina, Wataliano, na mmoja wao, Johann Maria Farina, alitengeneza maji ya kunukia mepesi yenye harufu ya ndimu na machungwa, tofauti kabisa na manukato mazito ya zama hizo. Kwa Kifaransa yakaitwa "maji ya Köln". Nyumba hiyo ingalipo. Ile chupa yenye tarakimu 4711 ni ya washindani wao: Wafaransa walipouteka mji mwaka 1794, nyumba zilipewa namba, na ya mtaa wa Glockengasse ikaangukiwa na hiyo. Lakini waambie wateja wako ukweli, kwamba mtu aliyezoea haludi akijipaka kolon asubuhi, adhuhuri atakuwa amebaki na jina tu.

*

Mimi ni mwalimu wa historia Likoni. Wanafunzi wangu hawaamini kwamba kanisa kuu la Köln lilijengwa kwa miaka 632. Nami, kusema kweli, nashindwa kuwaeleza. Watu gani hujenga jengo moja kwa miaka yote hiyo?

Mwalimu, waambie wanafunzi wako kwamba shaka yao ni ya haki, maana hesabu hiyo ni sahihi na wakati huo huo inapotosha. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 15 Agosti 1248 na yule yule askofu mkuu Konrad wa habari ya Stapel, na jengo lilitangazwa kuwa limekamilika mwaka 1880. Ukitoa utapata 632. Lakini ndani ya miaka hiyo mna karibu miaka 300 ambayo hakuna aliyeinua jiwe.

Sababu ya kuanza ilikuwa mifupa. Mwaka 1164 askofu mkuu Rainald von Dassel alileta kutoka Milano mabaki yaliyoaminiwa kuwa ya wale Mamajusi watatu waliomzuru mtoto Yesu, mahujaji wakamiminika, na kanisa la zamani likaonekana dogo. Fundi mkuu wa kwanza, Gerhard, alianzia upande wa madhabahu, nao ulizinduliwa mwaka 1322. Baada ya hapo kasi ilipungua. Katika karne ya 16 mambo mawili yalikutana: fedha za mahujaji zilipungua kwa sababu ya mageuzi ya dini yaliyoigawa Ujerumani, na mtindo ule wa minara iliyochongoka ukaonekana kuwa wa kizamani. Kazi ikasimama. Upande wa mashariki kulikuwa na kanisa tayari, upande wa magharibi kisiki cha mnara kisichofika mita 60, na katikati paa la muda. Juu ya kisiki hicho ilibaki winchi ya mbao, ambayo hakuna aliyejisumbua kuishusha. Vizazi kumi na zaidi vya watu wa Köln vilizaliwa na kufa vikiiona winchi hiyo angani, wachoraji wakaichora kama alama ya mji, na haikuondolewa hadi mwaka 1868.

Kilichoifufua kazi ni karatasi na siasa. Mwaka 1814 ilipatikana Darmstadt nusu ya mchoro wa zamani wa uso wa magharibi, na miaka miwili baadaye nusu ya pili ikapatikana Paris. Wakati huo Köln ulikuwa umeingia mikononi mwa Prussia, na mfalme Friedrich Wilhelm IV, Mprotestanti mwenye raia wengi Wakatoliki waliomtilia shaka, aliona faida ya kuwamalizia kanisa lao. Aliweka jiwe la msingi wa pili mwaka 1842. Wananchi walianzisha chama cha kuchangia, ikachezwa hata bahati nasibu, na katika miaka 38 mafundi wakamaliza kile ambacho mababu walikiacha. Walifuata mchoro wa kale kwa uaminifu mkubwa, lakini walitumia winchi za mvuke, na paa walilisimamisha kwa mifupa ya chuma, kitu ambacho Gerhard asingekiota. Minara ilifika mita 157, na kwa miaka minne likawa jengo refu kuliko yote duniani.

Kwa hivyo, mwalimu, minara ile ambayo watalii huipiga picha wakisema "Zama za Kati" kwa sehemu kubwa ni ndogo kwa umri kuliko Ngome yetu ya Yesu, kwa miaka karibu 300. Wanafunzi wako wataipenda hiyo.

Wala kazi haijaisha. Mawe ya aina mbalimbali yaliyotumiwa hayazeeki sawasawa. Mvua na moshi wa viwanda na treni vimeyaunguza mengine hadi yakawa meusi na kumomonyoka, na kanisa lina karakana yake yenyewe ya waashi, maseremala na mafundi wa vioo ambao hawafanyi kingine isipokuwa kubadilisha jiwe kwa jiwe. Siku moja nilisimama nje ya uzio wao nikamwangalia fundi akichonga jani la mawe ambalo lingepelekwa juu mita mia na zaidi, mahali ambapo hakuna macho ya mtu yatakayoliona isipokuwa ya fundi wa baada yake. Alikuwa amelaza kando jani la zamani lililooza, na kila baada ya pigo kadhaa aliweka kidole kwenye la zamani, kisha kwenye jipya. Wenyeji husema kwamba siku kanisa likimalizika kweli, dunia nayo itakwisha, na wanalisema kwa utulivu wa watu ambao hawana haraka.

*

Mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu. Roshani ya mbao ya nyumba yetu imeoza. Nilitaka kuweka ya saruji, nikazuiwa na ofisi moja. Rafiki yangu aliyefika Köln ananiambia kwamba mji wa kale wa huko ni wa bandia, umejengwa upya wote baada ya vita. Ikiwa wao wamejenga upya, kwa nini mimi nakatazwa?

Bwana, rafiki yako amesema nusu. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 ndege za Uingereza zaidi ya 1,000 ziliushambulia mji huo kwa muda wa saa moja na nusu hivi, mara ya kwanza kwa idadi kubwa hivyo kutumwa juu ya mji mmoja. Kabla ya vita kwisha Köln ulikuwa umepigwa mara 262. Katikati ya mji, sehemu tisa kwa kumi zilikuwa kifusi. Watu waliokuwa kiasi cha 770,000 kabla ya vita walibaki kama 40,000, wengi katika vyumba vya chini ya ardhi. Daraja la picha yetu, la Hohenzollern, lililipuliwa na jeshi la Ujerumani lenyewe Machi 1945 lilipokuwa likirudi nyuma. Kanisa kuu lilipigwa na mabomu makubwa 14, likasimama. Pembe moja ya mnara iliyobomolewa mwaka 1943 ilizibwa haraka kwa matofali mekundu, na kiraka hicho kikaachwa hivyo hivyo kwa miaka 60. Kilipofunikwa kwa mawe mwaka 2005 wapo waliosikitika, wakisema kovu nalo ni sehemu ya mwili.

Baada ya vita watu hao walikaa na kubishana, na hapa ndipo palipo na jibu lako. Mji una makanisa 12 ya kale kuliko hata kanisa kuu, karibu yote yaliyokuwa magofu. Katika kipupwe cha mwaka 1946 kuingia 1947, watu wakiwa na njaa na bila makaa, palifanywa mihadhara ya hadhara juu ya swali moja: tuyafanyeje makanisa yetu? Kuna waliosema yabaki magofu, yashuhudie. Kuna waliosema yajengwe mapya kwa mtindo mpya. Wengi walichagua kuyarudisha, jiwe lililookotwa likarudi mahali pake na lililopotea likachongwa jingine, na kazi hiyo ilichukua kama miaka 40. La Groß St. Martin, ambalo mnara wake huonekana kando ya mto, lilifunguliwa upya mwaka 1985. Nyumba nyembamba za rangi rangi zilizo mbele yake ni kweli zimejengwa upya nyingi, na hakuna anayelificha hilo. Kando yake, hata hivyo, barabara pana ya magari ilipasuliwa katikati ya mji wa kale, na hiyo nilikuwa nikiivuka kila siku kwa kinyongo. Si kila walichokijenga ni cha kuigwa.

Ukale halisi wa mji huo uko chini. Mwaka 1941, walipokuwa wakichimba handaki la kujikinga na mabomu kando ya kanisa kuu, walikuta sakafu ya nyumba ya Kirumi yenye picha za vijiwe vya rangi, haijaguswa, na ingali pale pale chini ya jumba la makumbusho lililojengwa juu yake. Lakini kuchimba nako kuna hatari zake. Tarehe 3 Machi 2009 hifadhi ya nyaraka ya mji, iliyokuwa na rafu zenye urefu wa kilomita 30 za karatasi tangu Zama za Kati, iliporomokea katika shimo la ujenzi wa reli ya chini kwa chini. Vijana wawili wa nyumba za jirani walikufa. Karatasi ambazo wakati wa vita zilihamishwa na kuokoka zikazama katika tope wakati wa amani. Nyingi zimeokolewa, zikakaushwa na kuunganishwa kipande kwa kipande, na jengo jipya la hifadhi lilifunguliwa mwaka 2021.

Kuhusu roshani yako, naona ofisi hiyo ilikuwa na haki ya kukuzuia saruji, ila ilikosea kuishia hapo. Wao huko hawakukatazwa kubadili. Walibadili karibu kila kitu, lakini jiwe kwa jiwe. Rudi na fundi seremala anayejua kazi za Mji wa Kale, chukueni vipimo vya roshani iliyooza kabla haijaanguka, pigeni picha kila kiungo, kisha uombe ruhusa ya mbao kwa mbao. Mbao ni ghali, najua. Hilo ndilo jambo ambalo ofisi ilipaswa kulizungumza nawe.

*

Mimi ni binti wa Kisauni. Nimepata nafasi ya kwenda kusoma Köln. Mama ana wasiwasi juu ya ibada, chakula na watu wa huko. Naomba unieleze maisha yalivyo.

Hongera, mwanangu, na mpe mama salamu zangu. Mji una watu zaidi ya milioni moja, wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Berlin, Hamburg na München. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1388, kikafungwa na Wafaransa mwaka 1798, kikafunguliwa tena mwaka 1919 mjini humo alipokuwa meya Konrad Adenauer, ambaye baadaye alikuwa kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi. Usishangae ukikutana ngazini na Mjerumani akakuamkia kwa Kiswahili sanifu kuliko chetu, maana lugha yetu inafundishwa hapo.

Mwambie mama kwamba Waislamu ni wengi. Wafanyakazi wageni waliitwa kwa maelfu baada ya vita, Waturuki wengi wakiingia katika viwanda kama kile cha magari cha Ford kilichoko Niehl. Mwaka 1964 mgeni wa milioni moja, seremala kutoka Ureno, alipokewa kwa shangwe katika stesheni ya Köln-Deutz na kuzawadiwa pikipiki ndogo. Msikiti mkuu uko mtaa wa Ehrenfeld, wenye kuba la saruji na vioo lililofunuka kama ua na minara ya mita 55. Ulipingwa sana ulipokuwa ukijengwa. Leo ni kituo cha kawaida cha watu wanaokwenda kazini, na tangu Oktoba 2022 adhana ya Ijumaa husikika nje kwa dakika chache. Nyama ya halali utaipata Weidengasse na Keupstraße bila kuuliza mara mbili.

Watu wa huko ni wasemaji, jambo ambalo Wajerumani wengine huwacheka. Nao wana lahaja yao, Kölsch, ambayo wazee huihofia kuwa inapotea kama sisi tunavyoihofia Kimvita: penye g ya Kijerumani sanifu wao hutia j, kama sisi tusemavyo "mato" badala ya "macho", na tangu mwaka 1983 wana hata taasisi ya kuifundisha. Jina hilo hilo la Kölsch ni la bia yao, inayotiwa katika bilauri nyembamba za robo lita kasoro, na mhudumu huendelea kukuletea nyingine mpaka ufunike bilauri kwa kile kigae cha karatasi. Wewe agiza maji, atakutania, mtanie nawe, yamekwisha. Baridi ya Januari ni ya unyevu, ya kuingia mifupani. Nunua koti huko huko, la huku halitafaa.

Jambo moja la mwisho ni karamu yao kubwa, iliyopangwa rasmi tangu mwaka 1823, ambayo huzinduliwa tarehe 11 mwezi wa 11 saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, na kufikia kilele siku chache kabla ya Kwaresma, mji mzima ukivaa mavazi ya vichekesho na peremende zikirushwa kutoka magarini. Usipange shughuli yoyote ya ofisi wiki hiyo. Alhamisi ya kwanza yake ni siku ya wanawake, na wana ruhusa ya kukata tai ya mwanamume yeyote waliyemwona. Mimi sikuambiwa. Nilikwenda kupeleka fomu nikiwa nimevaa tai ya hariri niliyoazima kwa kaka yangu, aliyoivaa siku ya harusi yake. Bibi mmoja wa makamo, aliyejipaka masharubu ya paka, alitoka nyuma ya meza akitabasamu, mkasi mkononi, nami nikidhani anakuja kunikatia risiti. Kaka angali akiidai hadi leo, na kila akija kwetu Sikukuu namwonyesha ile nusu ya juu.